Skani yangu haikukamilika kwa sababu ya unene: je, mtoto amedhurika?

Mpendwa Mshauri,

Mimi ni mama wa miaka 33, mfanyabiashara wa nguo za watoto katika soko la Kibuye hapa Kisumu, na nina ujauzito wa pili ambao umefika wiki ya 21. Mtoto wangu wa kwanza, ambaye sasa yuko chekechea, nilimzaa kwa upasuaji. Mwili wangu ni mkubwa tangu ujana, na baada ya uzazi ule niliongezeka zaidi, lakini hilo halikuwahi kunitia hofu mpaka juma lililopita.

Muuguzi wa kliniki alinituma nikafanyiwe skani ya kuangalia viungo vya mtoto, nami nikaenda katika kituo kimoja cha kibinafsi mjini. Mtaalamu alianza vizuri, lakini baada ya muda akawa ananibonyeza tumbo kwa nguvu, akabadilisha kifaa anachokipitisha, akaongeza jeli, akanigeuza ubavu huu na ule, kisha akamwita mwenzake waangalie pamoja. Kwa kukadiria, nililala pale dakika 45. Kuna wakati alinisikilizisha mapigo ya moyo wa mtoto, nikafurahi. Mwishowe aliniambia, mbele ya mwenzake na mwanafunzi aliyekuwa akijifunza, kwamba mafuta ni mengi mno na yeye hawezi kufanya miujiza. Karatasi ya majibu inasema kwamba mtoto yu hai na ukubwa wake unalingana na umri wa mimba, na kwamba kondo la nyuma liko upande wa mbele. Lakini moyo, uti wa mgongo na midomo havikuonekana vizuri kutokana na umbo la mama, na inafaa nirudi baada ya wiki mbili au tatu.

Nilipofika nyumbani, mama mkwe alisema kwamba skani ikikaa sana humchoma mtoto. Jirani yangu sokoni akaongeza kuwa kwa mtu mnene mashine huongezwa nguvu, kwa hiyo mtoto wangu amepigwa na mawimbi maradufu. Wifi yangu, ambaye ni mwembamba na ana mimba ya wiki 9, alifanya yake siku hizo hizo akiwa na kibofu kilichojaa. Alimaliza kwa dakika chache akatoka na picha safi, na sasa jamaa zetu wanamtaja kama mama aliyemkinga mtoto wake. Mimi siku iliyofuata tumbo la chini liliniuma kila nilipoligusa. Mume wangu, ambaye anafanya kazi Nakuru, amenisihi kwa simu nisirudi tena.

Naomba unieleze bila kunificha. Je, unene wangu umemfanya mtoto apokee kiasi cha kumdhuru? Kutoonekana kwa moyo kunamaanisha kwamba una kasoro? Na nikirudi, sitakuwa ninamwongezea hatari juu ya hatari?

Mama wa Kibuye,
Kisumu.

JIBU

Mama wa Kibuye, pole kwa yaliyokupata, na asante kwa kueleza kila jambo kwa utaratibu, hata yale ambayo mtu angeona haya kuyaandika. Nianze na swali zito kuliko yote. Unene wako haukumwongezea mtoto mawimbi; ulimpunguzia. Nyama na mafuta yaliyoko kati ya ngozi yako na mji wa mimba huifyonza sauti ya skani kabla haijamfikia, na jambo lile lile lililoharibu picha ndilo lililompunguzia mtoto kiasi anachopokea. Kilichopata hasara ni uchunguzi, na uchunguzi unaweza kurudiwa.

Skani hii haitumii miale ya eksirei. Ni sauti, ila masafa yake yako juu mno hata sikio halisikii: sikio la binadamu hukomea kwenye mitetemo kama 20,000 kwa sekunde, ilhali kifaa kinachopitishwa juu ya tumbo la mjamzito kwa kawaida hutetema kati ya mara milioni 2 na milioni 5 kwa sekunde. Sauti hutumwa kwa vipigo vifupi sana, halafu mashine hunyamaza na kusikiliza mwangwi unaorudi kutoka kila mpaka ulioko njiani, yaani pale mafuta yanapokutana na msuli, msuli na ukuta wa mji wa mimba, maji na ngozi ya mtoto. Muda wa kusikiliza ni mrefu mara nyingi kuliko muda wa kutuma. Na kila tishu inayopitiwa huchukua fungu lake: sehemu ya sauti hutawanyika, sehemu hurudi, na sehemu iliyo kubwa hufyonzwa na kugeuka kuwa joto kidogo pale pale ilipofyonzwa.

Sauti za masafa ya juu ndizo zinazofyonzwa haraka zaidi. Yeyote aliyewahi kulala karibu na boma lenye matanga huku kwetu Nyanza analifahamu jambo hili, kwa maana usiku maneno ya wimbo na gitaa jembamba huishia njiani, lakini besi hukufuata mpaka kitandani. Ndiyo sababu yule mtaalamu alibadilisha kifaa. Alichukua chenye masafa ya chini, ambacho hufika mbali zaidi ndani ya mwili, ingawa picha yake haichambui vitu vidogo kwa undani uleule.

Kwa hesabu ya kukadiria, tishu laini hupunguza sauti kwa nusu desibeli hivi (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti) katika kila sentimita na kwa kila megahezi, yaani kila mitetemo milioni moja kwa sekunde, na desibeli 3 zikipotea ni kwamba nusu ya nguvu imekwisha. Kwa kifaa cha megahezi 3.5, basi, nguvu hupungua kwa nusu takriban kila sauti inapovuka sentimita 1.7. Mama ambaye ana sentimita 6 za mafuta na misuli kabla ya kufika kwa mtoto atapitisha kama asilimia 9 ya nguvu iliyotoka kwenye kifaa, na kwa kuwa mwangwi lazima urudi kwa njia hiyo hiyo na kukatwa tena kwa kiwango kile kile, unaofika juu hauwezi kuzidi asilimia 1 ya ule uliotumwa, hata kabla hatujazingatia kwamba mtoto mwenyewe hurudisha sehemu ndogo tu ya kilichomfikia. Tena mashine huipanga picha ikichukulia kwamba sauti husafiri mita 1,540 kwa sekunde kila mahali, ilhali katika mafuta huenda takriban mita 1,450. Mafuta na misuli vikipangana tabaka kwa tabaka, mawimbi hupinda na kuchelewa kwa viwango tofauti, na hapo ndipo ukungu unapoingia kwenye skrini. Kovu la upasuaji nalo hufyonza sauti, na wewe unalo.

Jirani yako hakusema uongo mtupu, ila amechanganya mambo mawili. Mashine ina kidhibiti kinachoongeza mwangaza wa mwangwi ambao umekwisha kurudi, na hicho hakimgusi mtoto kabisa, kwa kuwa kazi yake yote hufanyika ndani ya mashine. Kipo kingine kinachoongeza nguvu ya sauti inayotumwa, na ni kweli kwamba kwa mama mwenye mwili mkubwa mtaalamu anaweza kukipandisha. Lakini hakipandi bila mpaka. Kiwango cha juu kabisa hufungwa na mtengenezaji kwa kufuata kanuni. Kwa mfano, mwanzoni mwa miaka ya 1990 Marekani iliruhusu kikomo cha nguvu ya sauti katika skani za wajawazito kipande kutoka miliwati 94 hadi miliwati 720 kwa kila sentimita ya mraba, kwa sharti kwamba mashine imwonyeshe mtumiaji kwenye skrini makadirio ya athari yake, ili yeye mwenyewe awajibike. Tangu hapo utaona pembeni mwa picha herufi TI zikifuatwa na namba. Hayo ni makadirio ya joto. TI ikiwa 1, maana yake ni kwamba nguvu inayotumwa inakadiriwa kutosha kuipandisha tishu joto kwa takriban nyuzi 1 ya Selsiasi. Herufi nyingine, MI, zinahusu mtikisiko unaoweza kutokea pale penye viputo vya hewa, na kwa kuwa mapafu ya mtoto tumboni hayana hewa, kwa mjamzito namba ya kuangaliwa zaidi ni TI.

Hapa ndipo penye jambo ambalo ningependa kila mama alijue, na kila anayeshika kifaa kile alikumbuke. Mashine haijui unene wako. Inapokadiria kiasi kinachofika ndani, hutumia punguzo moja kwa watu wote, nalo ni desibeli 0.3 kwa kila sentimita na kwa kila megahezi. Punguzo hilo ni dogo kuliko linalofanywa na tishu laini, na liliwekwa hivyo kwa tahadhari, kwa sababu njia ya kwenda kwa mtoto mara nyingi hupita kwenye maji. Sasa tukuchukue wewe na wifi yako, tukisema kwamba kila mtoto yuko sentimita 6 chini ya ngozi na kifaa ni cha megahezi 3.5. Mashine itachukulia kwamba karibu asilimia 23 ya nguvu imefika kwa watoto wote wawili. Kwako, ikiwa sentimita zote 6 ni mafuta na misuli, kilichofika ni takriban asilimia 9. Kwa wifi yako, ikiwa sentimita 2 ni nyama na 4 ni mkojo, ambao hupitisha sauti karibu bila kuipunguza, kilichofika ni takriban asilimia 45. Namba kwenye skrini itakuwa moja, lakini mtoto wako amepata chini ya nusu ya ilivyokadiriwa, na wa wifi yako karibu mara mbili yake.

Tafadhali usimpelekee wifi yako hesabu hii kama kisasi. Picha ya kawaida ya kijivu, kwa dakika chache, hutumia nguvu ndogo, na hata makadirio yakizidishwa mara mbili bado yuko mahali salama. Kibofu kujaa katika wiki zile za mwanzo humsaidia mtaalamu kuona. Ninachomwombea ni kwamba katika wiki hizi za mwanzo, viungo vinapoumbwa, asisikilizishwe mapigo ya moyo kwa njia ya Doppler, yaani skani inayofuatilia mwendo wa moyo na damu, kwa ajili ya furaha tu. Doppler hulenga sauti mahali pamoja na kuituma mfululizo zaidi, na kwa hiyo joto lake hupanda kuliko la picha ya kawaida. Katika umri huo moyo huonekana ukidunda kwenye picha, na mapigo yake yanaweza kuhesabiwa pale pale bila kusikilizwa.

Nimefika kwenye zile dakika 45. Sehemu kubwa ya muda huo, kwa jinsi ulivyoeleza, ilikuwa ya picha ya kawaida, na kifaa kilikuwa kikihamishwa kutoka mahali hadi mahali, kwa hiyo hakuna sehemu moja ya mwili wa mtoto iliyopigwa na sauti muda wote huo. Ile sauti ya mapigo uliyoisikia ndiyo Doppler, na katika wiki ya 21, kwa muda mfupi, inakubalika. Chama cha Altrasaundi ya Tiba cha Uingereza kimeweka mwongozo ambao wataalamu wengi huutumia: TI ikiwa 0.7 au chini yake hakuna kikomo cha muda kwa mjamzito. Ikiwa zaidi ya 1 hadi 1.5, uchunguzi usizidi dakika 30; ikipita 2 hadi 2.5, dakika 4 tu. Na ikizidi 3, skani ya mtoto tumboni haipendekezwi. Shirikisho la Dunia la Altrasaundi katika Tiba na Biolojia nalo linasema kwamba joto lisilozidi nyuzi 1.5 juu ya kawaida ya mwili halina sababu ya kuzuia uchunguzi, na kwamba hatari huanza kufikiriwa mtoto anapofika nyuzi 41 kwa dakika 5 au zaidi. Umbali kati ya skani ya kawaida ya picha na kiwango hicho ni mkubwa, na kwako, kwa sababu nilizotaja, ni mkubwa zaidi.

Mama mkwe wako, kwa hiyo, hakutoa hofu yake hewani. Sauti hugeuka joto kweli, na joto likizidi humdhuru mtoto kweli, hasa karibu na mifupa inayoendelea kukomaa, ambayo hufyonza sauti kuliko nyama. Ni kwa sababu hiyo vipimo na mipaka vimewekwa. Daktari Ian Donald na wenzake walichapisha picha za kwanza za aina hii huko Glasgow mwaka 1958, na katika miaka yote tangu hapo hakujathibitishwa madhara kwa mtoto kutokana na skani ya uchunguzi iliyofanywa inavyotakiwa. Hata hivyo wataalamu makini hawaichukulii hiyo kama ruhusa ya kuchezea mashine, kwa kuwa nyingi za tafiti zinazotutuliza zilihusu mashine za kabla ya kikomo kupandishwa. Kanuni wanayoifuata ni kutumia nguvu ndogo na muda mfupi kadiri inavyowezekana, mradi picha inayotafutwa ipatikane. Mwambie mama mkwe hayo kwa heshima. Nadhani ataelewa vizuri zaidi kuliko akiambiwa kwamba anasema mambo ya kale.

Maumivu ya tumbo siku ya pili yalitokana na kubonyezwa, wala si kuungua. Mtaalamu hubonyeza ili ayasukume mafuta kando na kuifupisha njia ya sauti, na mbinu hiyo husaidia, ingawa anapaswa kukueleza anachofanya na kukuuliza kama unaumia. Maumivu hayo huisha kwa siku moja au mbili. Kama bado yapo unaposoma jibu hili, au tumbo linakaza na kuachia, au umeona damu au maji yakitoka, hilo halihusiani na skani na halingoji safu ya gazeti. Nenda hospitali leo.

Kuhusu karatasi ya majibu, soma vizuri kilichoandikwa. Kwamba moyo haukuonekana vizuri hakumaanishi kwamba umeonekana na kasoro, na vilevile hakumaanishi kwamba umeonekana mzima. Ni ukurasa ambao bado haujaandikwa. Moyo wa mtoto wa umri huo hudunda mara 110 hadi 160 kwa dakika, na ndani yake mtaalamu anatafuta kuta na valvu ambazo ni nyembamba mno. Ndiyo maana hukosekana kwanza picha inapofifia, hata pale ambapo kichwa na mifupa mirefu vimepimwa bila shida. Sitakuficha, kwa kuwa umeomba nisikufiche: kasoro za moyo na za uti wa mgongo hutokea mara nyingi zaidi kidogo kwa watoto wa akina mama wenye uzito mkubwa, ingawa walio wengi sana huzaliwa wazima. Kwa hiyo mama ambaye picha yake ni ngumu kupatikana ndiye hasa ambaye hatupaswi kuridhika na picha nusu.

Lipo na jambo lingine, ambalo kwa maoni yangu lina uzito kuliko yote uliyouliza. Ulijifungua kwa upasuaji, na sasa kondo la nyuma limekaa upande wa mbele, upande wa kovu. Mara nyingi huwa liko juu vya kutosha na halina neno. Lakini likiwa chini na kulifunika kovu, linaweza kujishikiza ndani mno ya ukuta wa mji wa mimba na kuleta damu nyingi wakati wa kujifungua, na hilo hutakiwa kujulikana mapema ili uzazi upangwe katika hospitali yenye daktari wa upasuaji na damu ya kuongeza. Karatasi yako, kama ulivyoinukuu, haisemi kondo liko umbali gani kutoka mlango wa kizazi. Ukirudi, uliza hilo kwa kinywa chako na uombe liandikwe. Ikihitajika Doppler kuangalia mishipa ya damu hapo kwenye kovu, ikubali, kwa sababu ina kazi maalumu inayofanya na faida yake kwa uhai wako ni kubwa.

Rudi, mama. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2016 kila mjamzito apate skani moja kabla ya wiki ya 24, na pendekezo hilo halizuii ya pili pale ambapo ya kwanza haikukamilika. Wiki ya 23 au ya 24 itakufaa, kwa kuwa mtoto atakuwa ameongezeka na pengine amegeuka. Usiende mbali zaidi ya hapo ukingoja, maana mifupa yake ikiendelea kukomaa huweka vivuli kwenye picha. Kama kuna uwezekano, omba barua ya rufaa uende kwenye hospitali kubwa yenye mashine nzuri na mtu aliyezoea kuchunguza moyo wa mtoto, badala ya kurudia mahali pale pale na mashine ile ile.

Huna haja ya kibofu kilichofurika katika umri huu. Kojoa kama umebanwa, isipokuwa ukiambiwa vinginevyo. Beba leso. Ukilala chali, mkunjo wa chini wa tumbo unaweza kuinuliwa kuelekea kifuani na kushikiliwa kwa leso hiyo, wewe mwenyewe ukiivuta kwa mikono miwili, na mtaalamu akapitisha kifaa chini yake, juu kidogo ya mfupa wa kinena, akikwepa kovu kwa kwenda upande. Kitovu ni mlango mwingine, kwa sababu ukuta wa tumbo ni mwembamba zaidi pale: kikijazwa jeli mpaka juu ili hewa isibaki, na kifaa kikiwekwa hapo hapo, picha inaweza kukushangaza. Kisha kuna ubavuni, juu ya mfupa wa nyonga, ukiwa umelalia ubavu wa pili, ambako mafuta huwa haba kuliko katikati. Mkao huo pia utakuepusha na kizunguzungu ambacho wajawazito wengine hupata wakilala chali muda mrefu. Mashine nyingi za sasa zina mpangilio wa harmoniki, ambao husikiliza mwangwi wa masafa mara mbili ya yale yaliyotumwa na kupunguza ule ukungu wa tabaka za mafuta, na si vibaya kuuliza kama umewashwa. Mtoto akiwa ametanguliza kichwa, unaweza kushauriwa skani ya njia ya uke ili ubongo na mlango wa kizazi vionekane bila kupitia tumbo. Haina madhara kwa mimba, na una haki ya kuwa na muuguzi wa kike chumbani.

Maneno uliyoambiwa mbele ya mwanafunzi hayakustahili kusemwa. Kuchunguza mwili mkubwa ni sehemu ya ufundi wa kazi ile, na mwanafunzi aliyekuwepo alipaswa kufundishwa ufundi huo, asifundishwe kumlaumu mgonjwa. Hata hivyo nitamtetea mtaalamu yule kwa jambo moja: aliandika ukweli. Alipokosa kuona moyo, aliandika kwamba hakuuona. Ningemwogopa zaidi yule ambaye, kwa kutaka foleni isogee, angejaza kwamba kila kitu ni kawaida.

Kwa mume wako, kama anaweza kupata ruhusa na kupanda matatu kutoka Nakuru siku hiyo, aje aketi mahali anapoiona skrini. Mwonyeshe herufi TI na namba iliyo mbele yake. Mkiona imepita 1 kwa muda mrefu, mnaweza kumuuliza mtaalamu kwa upole kama inaweza kushushwa bila kuharibu picha. Anayeijua kazi yake hatachukizwa na swali hilo. Nadhani mume wako atatulia zaidi kwa kuona kwa macho yake kuliko kwa maelezo ya simu.

Na kwa kuwa tunaishi kando ya ziwa, ambako malaria haituachi, ukiamka siku ya miadi una homa, usiende moja kwa moja kwenye skani. Mtoto tumboni huwa na joto la juu kidogo kuliko la mama, kwa hiyo ukiwa na nyuzi 39.5 yeye yuko karibu na 40, na ile nafasi ya usalama niliyoieleza inakuwa nyembamba hata kabla mashine haijawashwa. Pitia kwanza kliniki upimwe malaria, utibiwe homa ishuke, kisha uombe tarehe nyingine ndani ya juma hilo. Isipokuwa kama umevuja damu au daktari anahitaji picha kwa dharura, kwani hapo skani inafanywa siku hiyo hiyo huku homa ikitibiwa.